Mpira wa Tatu wa Mabula

Mabula ng'wana Mageni alizikwa siku ya Jumatano, lakini kuzikwa ni jambo moja na kuondoka ni jambo lingine. Alikuwa amebakiza mpira mmoja ambao hajaupiga, na mkewe Nyamizi ndiye aliyekuwa upande wa pili wa meza akiungojea.

Miaka ile nzige walikuwa wamekwisha pita, na vilima vya Geita vilikuwa vimejaa watu wanaotafuta dhahabu. Kwenye kambi moja ya machimbo alikuwapo mzungu mpima miamba, mrefu hata kunguru wakipumzika juu ya kofia yake wakidhani ni nguzo. Homa ilipomrudisha kwao aliacha vitu vitatu: mbwa, kofia na meza ya mpira, pamoja na wavu, vibao na kimpira chake cheupe. Mbwa aliliwa na chui. Kofia aliivaa mpishi hadi ikaota uyoga. Meza ilichukuliwa na Akida, karani wa kambi, mtu wa Tabora mwenye kanzu mbili, akaiweka katika ghala la mtama. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi na kazi imesimama, wanaume walikusanyika pale kuupigapiga ule mpira mweupe kwa vibao juu ya wavu.

Wote walicheza, lakini Mabula alikuwa mwingine.

Mabula alikuwa mwosha dhahabu. Miaka sita alichuchumaa kando ya kijito na karai lake, akiyazungusha maji na mchanga hadi mchanga mwepesi umwagike na uzito ubaki chini. Mkono wake wa kulia ulizoea mno hata ukawa na akili zake wenyewe. Ukimpa kata ya uji, mkono ulikuwa umekwisha izungusha kabla mdomo haujapata habari. Basi alipokamata kibao, mkono ukafanya ulichokijua. Mpira ulitoka kwake taratibu kama mpira wa watu wote, ukavuka wavu, ukagusa meza, na hapo ukawa kama mtu aliyekumbuka kuwa amesahau moto jikoni. Uligeuka! Ulikimbilia kulia, ukamwacha mwenzake akipiga hewa. Siku moja, na walioona ni wengi, ulitoka kwa mlango, ukalizunguka ghala zima, ukaingia kwa dirisha na kumpiga Akida kisogoni.

"Huo si mchezo," alisema Akida akijipapasa. "Huo ni uchawi wenye wavu katikati."

"Ni mkono tu, karani," alijibu Mabula. "Njoo kijitoni nikufundishe."

Waliuita msokoto wa Mabula. Mtu wa kuurudisha hakuwapo.

Nyamizi yeye hakuwa na haja na meza. Alikuwa na haja ya kwenda kwao Mhunze. Wachunga ng'ombe waliotoka Mhunze walikuwa wamemletea habari kwamba macho ya mama yake yameingia ukungu, anapapasa ukuta kwenda jikoni, na anauliza kama Nyamizi atafika kabla ya mvua za kwanza. Mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe hakuondoka bila neno la mumewe. Akiondoka kimya anaitwa mtoro, na mtoro hata mlangoni kwa mama yake huingia ameinama. Basi Nyamizi aliomba. Mabula hakukataa wala hakukubali. Aliigeuza ile habari kama alivyogeuza kila kitu. Leo atasema ngoja mwezi uandame, kesho atasema nani atanipikia, keshokutwa anacheka.

Siku ile Nyamizi alimletea ugali na mlenda pale ghalani. Akauliza tena, mbele za watu.

"Ng'wana Mageni, mama yangu anapofuka. Nipe neno."

Wanaume wakanyamaza kusikiliza. Mabula, ambaye alikuwa hawezi kuona watu wamenyamaza asiwachekeshe, akamtupia kibao.

"Nakupigia mipira mitatu. Rudisha mmoja tu, mmoja! Kesho uko njiani."

"Mimi mwanamke, hayo nitayajulia wapi?"

"Basi mama atangoja."

Nyamizi akakishika kibao kama mtu anayetaka kuua nyoka. Mpira wa kwanza ulimkwepa ukaingia ndani ya kilemba chake. Kicheko kikapaa hadi kwenye bati. Wa pili aliupiga kwa hasira zote za miezi mitatu. Ukagonga boriti, ukashuka chubwi ndani ya bakuli la mlenda.

"Ameupika!" alipiga kelele mtu.

Mabula akaufuta mpira kwenye kaptura yake, macho yakimtoka machozi ya kucheka. Akainua mkono aupige wa tatu, na kengele ya kazi ikalia. Mwezi ule kijito kilikuwa kimekauka, na waosha dhahabu wakawa wanashushwa shimoni kubeba mawe pamoja na wengine. Akauweka mpira katika kopo tupu la siagi, kwenye ukingo wa meza upande wake.

"Wa tatu unakungoja," akamwambia mkewe. "Na ninyi, asiuguse mtu. Nikipanda nakuja kuumaliza."

Hakupanda. Alasiri ile shimo lilifumba mdomo na watu wanne ndani yake.

Wakamtoa siku ya tatu. Wakamzika, wafiwa wakanyolewa nywele, matanga yakaanuliwa. Mabula hakuwa na kaka wala mdogo wa kumrithi mjane, na wazazi wake walikuwa wametangulia. Nyamizi akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwuliza Akida, "Shikamoo, karani. Sasa ruhusa nimwombe nani?"

"Marahaba. Binti yangu, kifo chenyewe ni ruhusa. Kitu gani kinakuzuia?"

Alijifunga mzigo wake, akatoka alfajiri. Njia ya Mhunze ilikuwa mwendo wa siku saba, kuizunguka ncha ya kusini ya ziwa, kisha kushika mashariki. Alitembea kutwa, jua likimwangalia usoni asubuhi na mgongoni jioni, kama inavyopaswa. Magharibi ilipoingia aliona moshi mbele yake, akashukuru: hapo pana watu. Alipokaribia alisikia mtambo wa kusagia mawe. Aliona ghala. Alikuwa ameingia kambini kwa nyuma.

"Umesahau nini?" aliuliza Mwahija, mke wa Akida, akiwa mlangoni na upawa mkononi.

Nyamizi akaushusha mzigo. Miguu ilikuwa imevimba kwa mwendo wa kutwa nzima, na ilikuwa imemfikisha pale pale ilipoanzia.

Mara ya pili alichukua panga. Kila baada ya hatua mia alichanja mti, upande wa kulia wa njia, apate kujua alikopita. Jioni, moshi ule ule, mtambo ule ule. Kesho yake Akida alimfuata kuitazama ile miti, naye aliporudi alivua kofia akaketi chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Chanjo zilikuwa zimejipanga duara. Nyamizi alikuwa ameizunguka kambi kutwa nzima, kulia, kulia, kulia, kama maji ndani ya karai.

Na saa sita za mchana ndipo sauti ikaanza.

Tangu msiba hakuna aliyecheza. Ghala lilifungwa, ufunguo ulikuwa shingoni mwa Akida. Lakini jua likifika utosini, kila kivuli kikijificha chini ya mwenyewe, kambi nzima ilisikia kutoka mle ndani: tok, tok. Mara moja upande huu wa wavu, mara moja upande ule. Kisha kimya. Mcheza mpira anakijua kile kimya. Ni kimya cha mpira ambao haukurudishwa. Watu waliacha kula mchana. Mbuzi waliacha kulala kwenye ubavu wa lile ghala, ingawa ndipo penye kivuli. Tok, tok, kimya. Nyamizi alikuwa akiziba masikio, na bado alivisikia vile vishindo viwili katika meno yake, na mwili wote ukakaa unangojea cha tatu.

Wakamwita Jilala, mfumu wa kuku, mpiga ramli anayesoma mambo ndani ya kuku. Jilala alikuwa mzee mkavu kama fimbo, aliyepata kusema kwamba aliwahi kumpasua kuku akamkuta ndani na habari za mtu mwingine, ikabidi amshone amrudishe kwao. Alimpasua jogoo mweupe, akalitazama bawa kwa muda mrefu bila utani wowote.

"Mtu wako amesimama," alimwambia Nyamizi. "Wenzake watatu wamekaa, yeye amesimama. Aliahidi neno mbele za watu, na neno limemkaba. Hawezi kwenda na hawezi kukuachia."

"Kila mchana anaupiga. Si ameshaupiga?"

"Anajaribu mkono tu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ule wa kwako bado anao."

Wazee wa Kisukuma waliokuwa kambini wakaona jambo ni jepesi. Marehemu akikasirika hupewa pombe. Wapi pa kumpa, kama si pale aliposimama? Wakamshinda Akida kwa maneno, wakafungua ghala asubuhi, wakamwaga pombe ya mtama kibuyu kizima juu ya meza, upande wa Mabula, wakanyunyiza na unga, wakamwomba apumzike. Mbao za mzungu zilikuwa hazijapata kunywa pombe. Zililewa. Kufika adhuhuri pembe moja ya meza ilikuwa imevimba nundu kama ya fahali.

"Meza yangu!" Akida alilia. "Mmeifanya tambiko! Mimi Mwislamu, sasa nitachezea wapi, kaburini?"

Mchana ule sauti ilikuja kwa nguvu zaidi. Pombe haikuhitajika. Aliyehitajika alikuwa Nyamizi.

Habari nyingine ikaja na wachunga ng'ombe: mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mhunze, na mama sasa amefungiwa kamba kutoka kitandani hadi jikoni, ndiyo anayoifuata.

Usiku ule Nyamizi hakulala, na asubuhi alikaa uani kupepeta mtama wa watu. Mwahija alikaa pembeni yake akichagua mawe katika mahindi. Huyu Mwahija alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa anaweza kumsema hata mtu ambaye hajazaliwa.

"Nenda kaupige huo mpira, shoga. Mwanamume mkaidi akiwa hai, atanyookaje akifa?"

"Nilishapiga. Nikiupiga kwa nguvu, unakimbia kwa nguvu."

"Nani kakwambia uupige kwa nguvu?" Mwahija alichukua punje ya hindi akamrushia, kwa uchokozi tu. Mkono wa Nyamizi ulishuka na ungo, ukalala kidogo, na punje ikatua ikanyamaza. Mwahija akarusha nyingine, akiisokota kwa vidole. Ikanyamaza. Akarusha konzi nzima. Hakuna hata moja iliyoruka nje.

Wanawake wawili wakatazamana.

Punje inayokuja kwa kasi haipigwi na ungo. Ungo unashuka pamoja nayo, unaegama upande inakotaka kukimbilia, unaiacha idhani imeshinda, halafu unairudisha. Nyamizi alikuwa amelijua jambo hilo tangu akiwa na umri wa kupakatwa, ila alikuwa hajui kuwa analijua. Siku tatu zikawa za kazi hiyo: Akida alitoa kibao chake cha pili, Mwahija akarusha mahindi, kunde, njugu, hata kipande cha ugali mkavu, na Nyamizi akavipokea vyote kwa kibao kilicholala, mkono laini, akiuelekeza kulia ulikokuwa unakimbilia msokoto wa mumewe siku zote.

Siku ya nne, kabla ya saa sita, Akida alilifungua ghala akarudi nyuma hatua kumi. Mwahija aliahidi kuingia naye, akaishia kizingitini.

"Mimi niko hapa hapa," alisema. "Mguu mmoja ndani. Huo wa nje ndio wa kukimbilia."

Ndani palikuwa na joto la bati na harufu ya pombe iliyochacha. Nyamizi alisimama upande wake wa meza. Alijitazama chini: kivuli chake kilikuwa kimekwisha ingia chini ya nyayo. Alipoinua macho, upande wa pili, juu ya ukuta wa magunia, kulikuwa na kivuli kimesimama bila mtu.

Alikitambua. Bega moja lilikuwa chini kuliko lingine, kwa sababu ya karai.

Kopo la siagi lilitoa mlio mdogo, na mpira ukawa hewani, umetulia, kama unaoshikwa. Nyamizi alitaka kukimbia. Alitaka pia kuzunguka meza aliguse lile bega, na kutaka huko ndiko kulikomtisha zaidi. Hakufanya hata moja. Aliacha kuutazama mpira akatazama kifundo cha mkono cha kile kivuli, kwa maana mpira ni mwongo, kifundo cha mkono hakiwezi kudanganya.

Kifundo kikazunguka kulia. Kulia. Kulia. Naye akalaza kibao kulia, kama alivyojizoeza.

Kisha kikazunguka mara moja kushoto.

Hapo moyo wake ulikumbuka kabla ya kichwa. Kijitoni, alipokuwa akimpelekea uji, alikuwa akikaa juu ya jiwe na kumtazama akiosha. Mabula alizungusha karai kulia mara arobaini, hamsini, bila kukosea. Lakini kama mle chini mna dhahabu, mwisho kabisa aliligeuza mara moja kushoto, polepole sana, ile njano ijitandaze ukingoni kama ukucha wa mwezi. Halafu alikuwa akimwita: "Njoo uone." Watu wa mezani hawakupata kuliona hilo. Aliyeliona ni yule aliyekaa juu ya jiwe.

Tok, upande wa Mabula. Tok, upande wake.

Nyamizi aligeuza kibao kushoto. Alikishusha pamoja na mpira, akauacha utambae, mwepesi, ukinguruma juu ya ubao kama nyuki aliyefungiwa, akaufuata hadi ulipochoka kidogo, akauachia. Ukapaa juu ya wavu. Ukatua juu ya ile nundu ya pombe ya wazee, na nundu ikaurusha pembeni, gizani kati ya magunia, mahali ambapo aliye hai hawezi kuufikia, sembuse mwingine.

Tok. Cha tatu.

Kambi nzima ilikisikia. Wengine wanasema hata mtambo wa mawe ulikosa pigo moja.

Nyamizi aliinua uso. Mabula alipokuwa hai, ukimfanyia jambo zuri mchezoni, alikuwa akijipiga paja, akicheka na kusema, "Haya, haya." Alisimama akikingoja kile kicheko. Mwahija, kule mlangoni, alikuwa ameufumba mdomo kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Ukutani palikuwa na magunia tu. Kivuli kilikuwa kimeondoka, na kilipokuwa kimesimama pameachwa baridi ndogo, kama mahali alipoinuka mtu kitini.

"Ng'wana Mageni," alisema Nyamizi. "Mimi nakwenda."

Hakukuwa na wa kumjibu, na ndivyo alivyojua kuwa amejibiwa. Akalia pale mezani, kwa sababu miezi yote ile alikuwa akiomba aachiwe, na sasa ameachiwa.

Akida aliutafuta mpira siku mbili kwa taa ya chemli. "Huo ulikuwa wa mwisho!" alisema. "Nimebaki na meza yenye nundu na vibao viwili. Nicheze na nini, yai?"

Nyamizi alitoka alfajiri. Hakuchanja mti hata mmoja. Jioni ya kwanza aliona moshi mbele yake. Alikaa njiani hadi akasikia mtu akiita ng'ombe kwa jina ambalo hakulijua, ndipo akasimama. Siku ya saba mvua ilimkuta kwenye mbuga nyeusi karibu na Mhunze, na udongo ukamng'ang'ania miguu, lakini ule ulikuwa udongo tu.

Mama yake alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye kamba.

"Hizo nyayo nazijua," alisema kizee. "Umechelewa kwa nani?"

"Kwa mwenye ruhusa, mama."

Wakaingia. Nyamizi alifungua mzigo amtolee mama chumvi aliyomletea, na kitu cheupe kikadondoka kutoka ndani ya ungo aliokuja nao, kikagusa sakafu, tok, kikaruka, kikageuka kushoto na kwenda moja kwa moja hadi penye mguu wa mama. Kikatulia. Nyamizi hakukiweka yeye. Mwahija aliapa hadi kufa kwake kwamba hakukiweka yeye, na Mwahija aliapa mara nyingi kwa mambo mengi.

Kizee aliinama akakipapasa, akakipima kiganjani.

"Hili yai la ndege gani? Halina kitu ndani."

"Si yai, mama. Ndiyo ruhusa yenyewe."

"Nyepesi hivi?"

Nyamizi alicheka. Kisha akauchukua ule mpira kwa mkono uliolegea, akauweka juu ya rafu penye chombo cha mbegu, akatoka na jembe, maana mvua ilikuwa imeanza na shamba lilikuwa halijaguswa.